Zuhura, demo yako ni ndefu mno

Sinza, Dar es Salaam

Mpenzi Zuhura,

Salaam nyingi. Hapa hatujambo, ila joto tu ndilo linalotutesa. Demo yako, hiyo sampuli ya sauti ya kuombea kazi za matangazo, nimeisikiliza yote mwanzo hadi mwisho, na nahofia nitakuwa mtu pekee kufanya hivyo. Dakika nne na ushee! Prodyuza mwenye lundo la sauti za kuchagua hubonyeza, akasikiliza sekunde kumi hivi, akaamua. Wewe sekunde hizo umezimaliza kwa muziki na kujitambulisha. Jina liandike kwenye faili, sauti yenyewe iingie moja kwa moja kwenye kazi.

Ikate ibaki dakika moja, na isivuke moja na nusu. Humo weka vipande vitano au sita, kila kimoja sekunde saba hadi kumi na tano. Usingoje tangazo liishe. Msikilizaji akishakuelewa, kata, ingia kingine.

Kuhusu cha kutanguliza, najua umeanza na taarifa ya habari kwa sababu unaionea fahari. Lakini anayetafuta sauti ya tangazo la sabuni hana shida na msomaji wa habari. Mimi ningeanza na kipande cha tangazo la maziwa, pale uliposhusha sauti kana kwamba unamnong'oneza jirani dirishani. Hapo nilikuamini. Miaka ya redio imekupa pumzi na matamshi safi, sikatai, ila imekuachia na ule wimbo wa watangazaji, sauti kupanda mwisho wa kila sentensi hata kama habari ni ya msiba. Wateja wengi siku hizi hawautaki. Kabla ya kusoma, chagua mtu mmoja unayemjua, mwite kwa jina lake halisi kwa sauti, "Sikiliza, shangazi," kisha endelea na maandishi. Hilo jina utalifuta wakati wa kuhariri, lakini namna uliyomwambia itabaki.

Yule bibi kizee wako anayegombana na wakwe nimecheka naye hadi machozi, lakini hapo katikati ya matangazo ya benki na mbolea kapotea njia. Mtengenezee demo yake ya uigizaji. Kazi hiyo ipo: unakumbuka wale wa televisheni ya StarTimes mwaka 2016 walivyoshindanisha watu wa Dar na Zanzibar, washindi wakaenda Beijing kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kichina? Huko wanataka kusikia ukilia, ukicheka, ukigomba, huku maneno yakienda na midomo ya mtu mwingine. Matangazo yakae peke yake, na simulizi za filamu za mashirika nazo peke yake.

Halafu, Zuhura, wewe ni mtu wa Mombasa. Kwa nini unajibana useme kama sisi wa Dar? Kipande kimoja kiache na lafudhi yako yote, kingine kisome kwa Kiswahili sanifu, mteja achague mwenyewe.

Kuna kitu kimoja hukukiweka, na ndicho kinachowashinda wengi. Matangazo mengi huandikwa kwanza kwa Kiingereza, yakishatafsiriwa yanarefuka, na unajikuta na maneno ya sekunde 40 ya kuingiza ndani ya sekunde 30. Tia kipande kimoja kilichojaa bei, tarehe, namba ya simu, na mwishoni "vigezo na masharti kuzingatiwa", ukisome kwa kasi bila kumeza silabi hata moja. Prodyuza aliyewahi kuhangaika na skripti ya namna hiyo atakutafuta.

Maneno yaandike mwenyewe, bidhaa ibuni. Kusoma upya tangazo la kampuni ya simu ambalo hukulifanya wewe sikubaliani nako kabisa. Akikuuliza mlirekodi studio gani, utasema nini?

Vifaa visikutishe. Kabati lililojaa nguo linatosha, feni na friji vizimwe, na mvua ikigonga mabati ahirisha. Maiki ikae shubiri moja hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili P na B zisipasuke. Audacity, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ni bure. Kilele cha sauti kisipite desibeli -3, na mvumo wa chumba ukiwa umenyamaza uwe chini ya -60. Faili la WAV, lile zito lisilobanwa, litunze, watu uwatumie MP3 iliyo nyepesi, na kwa WhatsApp litume kama dokumenti, maana ukirekodi humo humo kama ujumbe wa sauti linabanwa, na ile pumzi yako nzuri inakwenda na maji.

Nitumie ya matangazo kwanza, ya bibi baadaye. Na kile cha benki kirudie ukiwa umeketi, umekisoma kwa haraka bure wakati maneno yake ni machache. Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Rehema