Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: ufadhili wa nje unakwama kwenye makaratasi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar,

Assalamu alaykum.

Sisi ni walimu tunaowasaidia vijana wa Pemba kuomba ufadhili wa masomo ya nje. Wengi wanaokosa hawashindwi na masomo. Wanakwama kwenye makaratasi.

Tuanze na jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Mohammed, cha kidato cha nne Hamis Muhamed, pasipoti ina majina matatu. Kwetu huyo ni mtu mmoja. Kwa anayekagua vyeti akiwa Uingereza, ni wawili. Kusahihisha baadaye kunataka kiapo na safari nyingi. Pahala pepesi pa kulishika kosa hili ni skuli, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne.

Halafu GPA, yaani wastani wa alama za chuo. Vyuo vyetu hupima kwa 5.0: daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5. Kijana mwenye 3.8 akikutana na fomu ya kipimo cha 4.0 akaiandika vilevile, ameshajipa alama asizonazo bila kukusudia, na transkripti (karatasi ya matokeo ya chuo) ikifunguliwa anaonekana muongo. Kipimo kichapishwe kwenye ukurasa uleule wa matokeo.

Linalotuuma zaidi ni barua za kazi. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, unataka saa 2,800 za kazi, na kujitolea kunahesabiwa. Skuli zetu zina walimu wa kujitolea wa miaka. Lakini barua anayopewa mwalimu huyo husema tu "amefundisha kwa bidii na nidhamu": haina tarehe ya kuanza, ya kumaliza, wala saa kwa wiki. Aliyefanya saa 24 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, ana saa 2,880. Zinamtosha, naye hajui. (Wapo pia wanaodhani kuomba Chevening ndiyo kuomba chuo. Chuo kinaombwa peke yake.)

Mheshimiwa, tunaomba meza moja Chake Chake, yenye ofisa anayeyajua haya, ifanye kazi kuanzia Machi. Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti, na kozi nyingi za Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa shahada ya uzamili, hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Anayeanza kusaka vyeti siku ya tangazo keshachelewa, khasa wa Micheweni anayelazimika kuvuka bahari kufuata saini moja.

Tunaomba pia walimu wakuu waagizwe kutumia muundo mmoja wa barua ya kazi. Tumeshauandika, ni ukurasa mmoja. Tutauleta ofisini kwako Unguja siku yoyote utakayotupangia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Walimu washauri wa masomo ya nje,
Chake Chake, Pemba