Barua ya wazi kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kampeni dhidi ya pombe na dawa za kulevya: kadi ya dawa si kete ya unga

Mheshimiwa,

Assalam aleikum, na heshima zako zitangulie. Nakuandikia nikiwa nimekaa kizingitini, maana ndani mamangu ndiyo kwanza kapata usingizi, na mdogo wangu amejikunyata sakafuni chini ya blanketi mbili, katika joto hili la Mombasa ambalo hata shuka huioni haja yake. Meno yampigana. Pua zamtoka maji kama mtoto mchanga. Sisi huku twaiita alosto, mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea. Na unga, yaani heroini, hajaugusa, ndilo linaloniuma.

Jumanne alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda kliniki kunywa methadoni, dawa wapewayo waraibu badala ya heroini, kama aendavyo kila siku, hata siku ya Idi. Kama hujawahi kusimama pale dirishani, nikueleze. Mtu hupanga foleni, akatoa kadi, muuguzi akampimia dawa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, akainywa hapo hapo, akapewa maji, kisha akaulizwa jina lake ili afungue kinywa ionekane amemeza. Mtu wa miaka 43 ataja jina lake kila asubuhi ili aaminike. Amefanya hivyo miaka minne bila kulalamika.

Jumanne hakufika. Kulikuwa na msako, akazolewa njiani pamoja na wengine. Akatoa kadi. Askari akaigeuzageuza, akamwambia, "Kumbe siku hizi teja wapewa vyeti?" Wakacheka, akapandishwa garini. Kituo sikitaji, kwa kuwa najua nikikitaja nitajibiwa na kituo, na mimi sitaki jibu la kituo. Aliachiliwa Ijumaa. Hakufikishwa kortini, hakuandikiwa kosa. Katiba yetu, kifungu cha 49, yataka mtu afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24. Labda saa za seli ni ndefu kuliko za kwetu.

Siku tatu pasi na dozi, Mheshimiwa, si sawa na siku tatu pasi na chai. Akirudi dirishani hapewi kipimo alichokiacha, maana mwili umeshalegea na dozi ya zamani yaweza kumuua. Huanzishwa chini, akapandishwa polepole, na muuguzi hana kosa katika hilo. Lakini katika siku hizo za kupanda polepole ndipo pusha, muuza unga, humjua jina lake. Jana mmoja kapita hapa nje mara mbili. Nimemwona kwa macho yangu, kavaa kanzu safi.

Sasa niruhusu niseme juu ya kazi yenu. Mlianza 2001 mkiwa shirika la kampeni, sheria ya 2012 ikawafanya mamlaka, lakini neno kampeni mkabaki nalo kwenye jina. Na kweli, kwa kampeni hatuwawezi. Tarehe 26 Juni ikifika, siku ya dunia ya kupinga dawa za kulevya, fulana zipo, kofia zipo, tarumbeta zipo, na kiongozi mmoja lazima atuambie kwamba vijana ndio hazina ya taifa. Mwaka 2025 sera mpya ikapendekeza umri wa kuuziwa pombe upandishwe kutoka 18 hadi 21. Ni jambo jema. Mdogo wangu ana 43, keshalipita.

Mtaniambia bahari yalindwa. Siku hizo nazikumbuka zote. Mwaka 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini katika bahari yetu hii, na Agosti mwaka huo huo Serikali ikailipua baharini meli iliyokutwa na unga. Januari 2017 ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, walioshtakiwa kwa biashara ya unga, wakapelekwa Marekani, na huko wakahukumiwa, mmoja miaka 25, mwenziwe 23. Tulishukuru. Oktoba 2025 ikakamatwa tena zaidi ya tani moja, safari hii methamfetamini. Kila mara twaambiwa mizizi imeng'olewa. Mti huu una mizizi mingi.

Hebu nikukumbushe lililotufika mwisho wa 2010 na mwanzo wa 2011, pengine nyote mmelisahau. Unga uliadimika Pwani. Ukakauka ghafla. Waliofurahi walikuwa wale wasiokuwa na teja nyumbani. Sisi tuliokuwa naye tulikesha tukiwashika miguu. Methadoni haikuwapo, Malindi iliipata 2015. Basi wakahamia bugizi, vile vidonge vya usingizi, wakahamia vidonge vingine na pombe, na unga uliporudi ukawakuta wanaungoja. Mdogo wangu mwezi huo aliuza cherehani yangu. Ndiyo niliyokuwa nikishonea madera, ndiyo iliyolipa kodi. Nilimpata akisinzia ukingoni mwa barabara, noti ya shilingi mia ingali mkononi. Sikumpiga. Nilikaa chini kando yake nikalia mpaka mama mmoja wa mahamri akaja akaninyanyua.

Tangu siku hiyo najua: ukizuia unga bila kumtibu anayeutumia, umemzungusha tu.

Najua jibu lenu, nimeshalisikia katika ofisi tatu ambazo sizitaji. Methadoni ni ya afya na kaunti. Msako ni wa polisi. Ninyi ni uhamasishaji. Lakini Mheshimiwa, mamlaka yenu iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, paa moja na hao polisi. Nani mwingine nchi hii awezaye kuvuka ukumbi akawaambia kwamba mwenye kadi hii ni mgonjwa? Mimi nikienda naambiwa nikae kwenye benchi.

Kwa nini misako huzidi majira fulani, sijui kwa hakika. Hapa mtaani wasema ni mgeni mkubwa anakuja mjini. Wengine wasema ni mwisho wa mwezi, na kila mtu ana watoto wa kulisha. Mimi nashuku ni rahisi zaidi ya hapo: teja hakimbii mbali, ni mwepesi kuhesabiwa, na ripoti yataka idadi. Basi badilisheni kinachohesabiwa. Acheni kutuhesabia lita za pombe zilizomwagwa na watu waliozolewa. Mtuhesabie waliopata dozi siku zote thelathini za mwezi. Mtuhesabie vitanda vya waraibu vinavyofikika na mtu asiyekuwa na kiwanja cha kuuza. Kazi yenu ianze hapo, na tarumbeta zije baadaye zikipata nafasi.

Nilikuwa na mengine ya kuomba, nimeyafuta. Mamangu kaamka, asema nisiwachoshe wakubwa. Basi naomba moja. Waraka wa ukurasa mmoja, kutoka kwako na wenzako wa polisi, kwa kila mkuu wa kituo hapa Pwani: mwenye kadi ya methadoni akikamatwa, hata kama ana kosa, apelekwe dirishani saa ya dozi, anywe, kisha arudishwe seli. Sisemi asishtakiwe. Ashtakiwe. Lakini anywe. Ukurasa mmoja tu, Mheshimiwa, hata nusu yatosha.

Kesho saa kumi na mbili na nusu nitamsindikiza mwenyewe. Madera matatu ya harusi yatachelewa na nimeshatukanwa kwa simu. Nimetoa nakala za kadi: moja mfukoni mwake, moja ndani ya soksi, moja kwenye pochi yangu. Waraka wenu ukitoka nitauweka hapo hapo.

Ndimi,
Dada wa mgonjwa,
Kisauni, Mombasa