YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIUNGO CHA VALI YA REJETA KINACHOENDELEA KUVUJA BAADA YA MATENGENEZO YENU

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Kampuni yenu ndiyo iliyofunga mfumo wa kupasha joto nyumbani kwangu, ambamo boila hupasha maji moto na kuyapeleka kwenye rejeta, yaani vyuma vinavyotoa joto vyumbani. Ndiyo pia iliyobadilisha vali ya rejeta, ile inayofungua na kufunga maji yanayoingia humo, katika chumba anacholala mama yangu. Tangu vali hiyo ibadilishwe, inavuja pale inapoungana na rejeta. Mafundi wenu wamekuja zaidi ya mara moja. Kila walipoondoka palikaa pakavu kwa muda, kisha maji yakarudi. Nikipiga simu naambiwa kwamba katika kumbukumbu zenu kazi imeshafungwa. Haijafungwa. Maji bado yanatoka, na jinsi mlivyolishughulikia tatizo hili imeanza kuharibu vitu ambavyo vilikuwa vizima.

Kwanza niweke wazi panapovuja, maana fomu zote nilizoachiwa zimeandikwa "vali inavuja" na basi. Vali ya rejeta ina sehemu kadhaa zinazoweza kuvuja, na kila moja ina tiba yake. Kuna pale bomba la shaba linapoingia kwenye vali kwa chini, ambapo nati huibana pete ndogo ya shaba ikalishika bomba. Kuna nati kubwa inayounganisha vali na kile kipande kifupi cha bomba kinachoelekea kwenye rejeta. Kuna kipande chenyewe, upande wake wa pili, kinapoingia ndani ya rejeta kwa tredi, yaani mistari ya kuzungushia kama ya skrubu. Halafu kuna shina la vali, chini ya kichwa tunachozungusha. Maji yakitoka popote kati ya hapo hufuata chuma kwenda chini na kudondoka sehemu ya chini kabisa, kwa hiyo anayetazama tone peke yake ataishia kulaumu kiungo kisicho na kosa.

Niliifuta vali yote hadi ikakauka, nikazungushia kila kiungo kipande chake cha karatasi ya chooni, nikaacha rejeta ipoe. Karatasi ya kwenye bomba ilibaki kavu. Ya kwenye shina ilibaki kavu, na ya nati kubwa vilevile. Iliyolowa ni ile ya pale kipande kifupi kinapoingia ndani ya rejeta. Nilirudia nikapata jibu lilelile. Jaribio hili halihitaji kifaa wala ujuzi, linahitaji subira tu, na sikuona fundi hata mmoja akilifanya.

Badala yake, wa kwanza alikaza nati kubwa. Nati hiyo haina uhusiano wowote na tredi zilizo nyuma yake ndani ya rejeta. Mtu anaweza kuikaza hadi chuma kilie na tone litaendelea kutoka kwa raha yake. Tena aliikaza kwa spana moja, bila kuushika mwili wa vali kwa spana ya pili, kwa hiyo nguvu yote ikaishia kwenye bomba. Vali sasa imelala upande, na bomba linalotokea sakafuni limepinda. Kabla ya siku hiyo lilikuwa limenyooka wima.

Aliyefuata alifungua nati kubwa, akazungushia tepu nyeupe kwenye tredi zake, akairudisha. Hapo tepu haisaidii kitu. Kwenye nati hiyo kinachozuia maji ni nyuso mbili za chuma zinazokutana ndani. Kazi ya nati ni kuzivuta zishikane. Mahali pa tepu ni kwenye tredi za kile kipande kifupi zinazoingia ndani ya rejeta, kwa sababu pale tredi zenyewe ndizo zinazotakiwa kuziba, na zikibaki na mwanya maji hupita katikati yake. Fundi alikuwa ameshafungua nati na maji yalikuwa yameshakingwa kwenye beseni; kilichobaki kilikuwa kukifungua kipande chenyewe. Hakukigusa. Mwingine baadaye alipaka gundi kwa nje, juu ya chuma chenye unyevu, na shinikizo la maji kutoka ndani likaibandua.

Kuna jambo jingine lililowapotosha mafundi wenu. Walikuja wakati boila inafanya kazi na rejeta imewaka moto, wakagusa kiungo, wakasema pakavu. Rejeta ikiwa moto, maji machache yanayopenya hukauka kabla hayajawa tone, yakaacha ukoko mweupe wenye kijani kwenye chuma. Ukoko huo niliwaonyesha. Mfumo unapopoa chuma hunywea, na ndipo tone linapoonekana. Kiungo kilichokaguliwa kikiwa moto tu bado hakijakaguliwa.

Sasa nije kwenye kilichoniumiza zaidi. Mfumo wangu ni wa kufungwa, yaani maji yaleyale huzunguka ndani yake kwa shinikizo, na ukiwa baridi mshale wa geji inayopima shinikizo hilo unapaswa kukaa kati ya baa 1 na 1.5. Kwa sababu ya uvujaji huu unashuka, na boila hukataa kuwaka. Kila nilipopiga simu kuhusu hilo, wahudumu wenu waliniambia niongeze maji na kuendelea kutumia, kana kwamba huo ndio ufumbuzi. Ushauri huu ukitolewa mara moja, wakati fundi yuko njiani, una maana. Ukitolewa tena na tena ni kuuharibu mfumo mzima polepole. Maji yaliyokaa siku nyingi ndani ya mfumo wa kufungwa huwa yameshamaliza oksijeni yake, ndiyo maana chuma cha rejeta hudumu. Maji mapya huingia na oksijeni mpya, na kutu huanza kazi upya. Yanaongezwa pia wakati dawa ya kuzuia kutu inazidi kupungua, kwa kuwa sehemu yake inatoka pamoja na maji yanayovuja. Kutu hiyo huwa tope jeusi linalotuama chini ya rejeta, likaingia kwenye pampu na kwenye njia nyembamba za maji ndani ya boila. Siku hizi nikifungua skrubu ya kutoa hewa, maji yanayotoka ni meusi kama wino. Mlipofunga mfumo huu hayakuwa hivyo. Uvujaji wa kiungo kimoja umeachwa hadi umekuwa ugonjwa wa rejeta zote.

Mbao za sakafu chini ya vali zimevimba na kubadilika rangi. Mama amehamia chumba kingine kwa sababu hicho hakipati joto, na si mtu wa kulala kwenye baridi kwa umri wake.

Sina ugomvi na mafundi wenyewe. Walikuwa na adabu, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba alikuwa na nyumba nyingine ya kuwahi. Nadhani kiini cha tatizo ndicho hicho. Kukaza nati ni kazi ya dakika chache. Kufungua kiungo, kukisafisha na kukijaribu kikiwa baridi kisha kikiwa moto kunataka muda, na ratiba yenu haiwapi muda huo. Hilo linatoka ofisini, ndiyo maana namwandikia meneja.

Ninachoomba ni kazi ifanywe upya, bila malipo, na fundi aliyetengewa muda wa kutosha. Akifunge kile kipande kifupi upya: akitoe ndani ya rejeta, aondoe mabaki ya tepu na gundi, azikague tredi, na zikiwa zimelika alete kipande kipya. Tepu izungushwe kwa mwelekeo wa kufungia, isije ikajikusanya na kutoka wakati kipande kinaingia. Kwa kuwa bomba limepindishwa, siamini tena kwamba pete iliyo kwenye kiungo cha chini iko salama, hata kama leo ni kavu. Nataka bomba linyooshwe au likatwe, na vali iwekwe mpya na pete mpya. Kwa kazi hiyo maji ya mfumo itabidi yamwagwe, na huo utakuwa wakati mzuri wa kusafisha tope lile na kuweka dawa mpya ya kuzuia kutu kwa kiwango kinachotakiwa. Vali ya upande wa pili wa rejeta, ile yenye kifuniko inayopanga kiasi cha maji yanayopita, ihesabiwe mizunguko wakati wa kuifunga na irudishwe palepale, la sivyo mgawanyo wa joto katika vyumba vingine utavurugika.

Baada ya hapo mfumo ujazwe, utolewe hewa, na geji isomwe ukiwa baridi na ukiwa moto kabla fundi hajaondoka. Fomu ya safari hii ieleze ni kiungo kipi kilichokuwa kinavuja na kilifanyiwa nini. Gharama ya kutengeneza sakafu ni yenu pia, kwa sababu maji yaliyoiharibu yametoka kwenye kazi yenu.

Wahudumu wenu wa simu nao waelekezwe waache kumwambia mteja aongeze maji kila wiki bila kumpangia fundi. Kuna wateja watakaofuata ushauri huo kwa uaminifu hadi boila ife, bila kujua kilichoiua.

Naomba jibu la maandishi, lenye tarehe ya fundi kuja, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitatafuta fundi mwingine, nitawaletea ankara yake pamoja na ya sakafu, na nitapeleka nakala ya barua hii kwa mamlaka inayowalinda watumiaji. Nimeambatisha picha za kiungo, za bomba lilivyopinda na za sakafu, pamoja na nakala za fomu zenu zote.

Wenu,
Mteja
(Jina na namba ya mkataba vipo kwenye viambatisho)