Shemeji, Wakathari si babu zako wa imani

Shemeji yangu,

Salamu kwa dada na wapwa zangu. Ule mchoro uliotuma kwenye kundi la familia nimeuona: mstari mmoja kutoka kwa mitume, unapita kwa Wakathari na Wawaldensia, vikundi vya zama za kati vilivyopingwa na Roma, unafika kwa Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto, mpaka kanisa lenu la Kiprotestanti. Sikujibu pale kwa sababu mama yumo, na hapendi tukibishania dini. Najibu hapa: mtu kuchomwa moto na Roma hakumfanyi awe babu yako.

Wakathari wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa, walifundisha kwamba dunia hii inayoonekana ni kazi ya mwovu, si ya Mungu mwema. Mwili wako na wangu umo humo humo. Kwa hiyo Yesu hakuwa na mwili wa kweli, na ubatizo wa maji ni kazi bure. Wewe uliyezamishwa mtoni mbele ya ukoo mzima, wangekuambia umelowa tu. Wao walikuwa na ibada yao, konsolamentumu: unawekewa mikono na kitabu cha Injili kichwani. Ukishaipokea huli nyama, mayai wala jibini, kwa kuwa vimetokana na kujamiiana. Samaki ruksa, maana waliamini samaki hazaliwi kwa njia hiyo (hapo sayansi iliwatupa mkono). Huapi, huui, humgusi mke. Ndiyo maana waumini wengi waliingoja hadi wakiwa mahututi. Ndoa yako na dada yangu wasingeibariki kamwe.

Sisemi walistahili yaliyowapata. Mji wa Béziers ulivamiwa na jeshi la vita vya msalaba dhidi ya Wakathari tarehe 22 Julai 1209, na mjumbe wa Papa, Arnaud Amaury, akamwandikia Papa Inosenti wa Tatu kwamba wameuawa watu karibu 20,000, bila kujali umri. Ile kauli ya "waueni wote, Mungu atawajua walio wake" unayopenda kuinukuu iliandikwa baadaye na mtawa aliyekuwa Ujerumani. Huihitaji, barua ya Arnaud inatosha. Machi 1244, chini ya ngome ya Montségur, wakachomwa Wakathari zaidi ya 200 kwa siku moja. Ni Kanisa langu lililofanya hivyo, siwezi kujifanya silijui.

Wawaldensia ni habari nyingine. Mwanzilishi wao, Valdo, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa Lyon, Ufaransa. Karibu mwaka 1173 aligawa mali yake, na aliwalipa wasomi wa kanisa wamtafsirie Injili kwa lugha ya watu wa kawaida. Mwaka 1179 wafuasi wake walikwenda Roma, kwenye Mtaguso wa Tatu wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu, kuomba ruhusa ya kuhubiri. Aliyewahoji ni Mwingereza Walter Map, na kisa kakiandika mwenyewe kwa kujisifu. Mnamwamini Mungu Baba? Tunamwamini. Na Mwana? Tunamwamini. Na Roho Mtakatifu? Tunamwamini. Na Mama wa Kristo? Tunamwamini! Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kwa kuwa kwa wasomi wale "kumwamini" kwa namna hiyo ni kwa Utatu peke yake.

Umeona, shemeji? Walichekwa kwa kumpandisha Maria mno. Mwaka 1184 Papa Lusio wa Tatu akawatenga na Kanisa, na kosa kubwa lilikuwa kuhubiri bila kutumwa. Tena mmoja wao, Durand wa Osca, aliandika kitabu kizima cha kuwapinga Wakathari, hao hao uliowapanga naye mstari mmoja. Baadaye akarudi kwa Papa, akiwa bado anahubiri ufukara.

Waliobaki walijificha kwenye mabonde ya milima ya Alpi. Mwaka 1532, huko Chanforan, ndipo walipoamua kujiunga na Matengenezo, yaani vuguvugu la Waprotestanti. Kuanzia hapo wachore upande wenu, sibishi.

Na bado wapo, Italia. Juni 2015 Papa Fransisko aliingia kwenye kanisa lao mjini Turin akawaomba msamaha. Sinodi yao, mkutano mkuu wa kanisa lao, ikajibu Agosti, kwa heshima kubwa: ombi wamelipokea, lakini hawawezi kusamehe kwa niaba ya wale waliolipa kwa damu yao. Mimi Mkatoliki nimelisoma jibu hilo, sikuona pa kulikosoa.