Fundi aoneshe alichopima kabla ya kusema madabodi imeungua

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji niseme na mafundi wa kompyuta wa jiji letu la Tanga, pamoja na wanaowapelekea mashine zao.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, mwenye duka la kuchapa nyaraka huko Makorora, alipeleka kompyuta yake ya mezani kwa fundi kwa sababu feni zilizunguka lakini kioo kilibaki cheusi, na ndani ulisikika mlio uleule ukijirudia. Aliambiwa madabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta, imeungua, anunue nyingine. Alipoileta kwangu tuliichomoa kwenye umeme, tukafungua ubavu wake, tukatoa RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya muda, na kukuta meno yake ya rangi ya dhahabu yamefunikwa na utando. Tuliyasugua taratibu kwa raba ya penseli, tukafagia vumbi kwa brashi kavu, tukairudisha RAM mpaka vibanio vikashika, na mashine ikawaka.

Sisi wa pwani tunajua upepo wa chumvi unavyokula mabati na bawaba za milango, na kompyuta iliyojaa vumbi linalonyonya unyevu haiwezi kusalimika. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mlio ule haukusikilizwa. Madabodi inayolia walau imefika hatua ya kujikagua, na idadi ya milio humwonesha fundi pa kuanzia, ingawa kila mtengenezaji ana mpangilio wake na ni lazima kitabu chake kisomwe.

Kompyuta hiyohiyo ilikuwa ikirudi nyuma miaka kadhaa kwa tarehe kila ilipozimwa ukutani, na kwa tarehe hiyo isiyo sahihi kurasa nyingi za intaneti zikikataa kufunguka. Hapo tatizo lilikuwa betri ndogo ya volti 3, ile iliyoandikwa CR2032, ambayo hutunza saa na mipangilio ya kuwashia.

Iwapo mashine iko kimya kabisa, bila feni wala taa, soketi na waya vikaguliwe kwanza, kisha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ipimwe kwa mita: waya wa njano utoe volti 12, mwekundu 5, wa chungwa 3.3. Mwenye kompyuta asithubutu kufungua kasha la pawa saplai, kwa kuwa kapasita zake, vile vipande vinavyohifadhi umeme, huweza kubaki nao hata baada ya kuchomolewa. Fundi akinionesha kapasita zilizovimba juu ya madabodi, nitakubali maneno yake bila ubishi.

Ninaloomba ni hili: kila fundi aandike kwenye risiti alichopima na kipimo alichopata, na kifaa alichokitoa amrudishie mwenyewe mkononi.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga