Drafti ya Kanuni ya 5: anayefaa kuchukuliwa ni yupi?

Mhariri,

Tangu Pittsburgh Pirates wamsajili mrushaji David Matoma wa Uganda, na Los Angeles Dodgers nao wachukue vijana wa huko, besiboli ya Marekani imeanza kupata nafasi kwenye kurasa zetu za michezo. Ila kuna dhana kwamba kijana aliye ligi ndogo, yaani madaraja ya chini ambako timu za ligi kuu hulea vijana wao, anaweza kunyakuliwa na timu yoyote wakati wowote. Naomba nafasi nieleze utaratibu ulivyo.

Aliyesaini akiwa na miaka 18 au chini ya hapo huwa salama mikononi mwa timu yake kwa misimu mitano. Aliyesaini akiwa na 19 au zaidi, minne. Muda ukiisha, timu ama imwingize kwenye orodha yake ya wachezaji 40, ama imwache nje, nyingine zimtamani. Orodha hufungwa Novemba. Drafti yenyewe, yaani zamu ya timu kuchagua walioachwa nje na wenzao, huitwa ya Kanuni ya 5 na hufanyika Desemba, na timu zilizoshika mkia ndizo zinazotangulia kuchagua.

Bei ni dola 100,000, fedha ndogo kwa ligi ile. Kinachouma ni sharti: aliyechukuliwa lazima akae msimu mzima kwenye kikosi cha wachezaji 26 cha ligi kuu. Hawezi kushushwa akanolewe. Akishindwa, kwanza timu nyingine hupewa nafasi ya kumchukua pamoja na sharti lake; zikikataa zote, timu yake ya awali huulizwa kama inamtaka kwa dola 50,000. Na wale wanaodhani watamficha kwenye orodha ya majeruhi wajue kwamba asipofikisha siku 90 kikosini, sharti linamfuata hadi msimu ujao.

Kwa hiyo skauti anayejua kazi yake humtafuta mtu anayeweza kuvumilika kwa miezi sita, hata kama kuna wenye vipaji vikubwa kuliko yeye. Warushaji ndio wanaotangulia. Mrushaji wa akiba unaweza kumwingiza timu ikiwa imeshaachwa kwa pointi saba, akarusha iningi moja, yaani kipindi kimoja cha mchezo, bila kuharibu lolote. Mpigaji wa miaka 21 aliyetoka madaraja ya chini hana maficho ya namna hiyo: akipangwa, warushaji wa ligi kuu wanamlaza kwa mipira ya kupinda; akiwekwa benchi, jicho linapoteza makali. Mpigaji wa kujaribu ni yule mwenye kazi ya pili, kama mbio za kuiba besi au uwezo wa kudaka nafasi mbili tatu za uwanjani.

Kwenye takwimu, mimi huanza na Double-A na Triple-A, madaraja mawili ya juu ya ligi ndogo. Mrushaji anayewatoa kwa straiki zaidi ya robo ya wapigaji, na kuwapa besi ya bure chini ya mmoja kati ya kumi, anastahili kutazamwa tena. Kasi pekee hudanganya: anayerusha maili 98 kwa saa asijue mpira unaangukia wapi ndiye hurudishwa kwao Aprili. Baada ya hapo uliza kwa nini ameachwa. Mara nyingi ni jeraha, au timu yake ina vijana wengi kuliko nafasi 40. Garrett Whitlock aliachwa na Yankees mwaka 2020 akitoka kufanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko, na mwaka huo ligi ndogo hazikuchezwa kabisa kwa sababu ya korona. Red Sox wakamchukua. Mwaka 2021 akarusha zaidi ya iningi 73 kwa wastani wa kufungwa wa 1.96 kwa kila iningi tisa.

Mtazame na mnunuzi pia. White Sox walipoteza mechi 121 mwaka 2024, hivyo walikuwa na nafasi ya kumlea Shane Smith waliyemtoa Brewers. Msimu uliofuata aliitwa mechi ya nyota. Timu inayowania ubingwa haiwezi kubeba mzigo huo hadi Septemba. Minnesota Twins waliubeba mwaka 2000 kwa Johan Santana, aliyekuwa mali ya Astros: wastani wake ulikuwa 6.49, jambo la kumfukuzisha mtu kazi. Lakini msimu ukiisha kifungo hufunguka. Mwaka 2002 walimrudisha Triple-A, akautengeneza mpira wake wa polepole, na mwaka 2004 na 2006 akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora.

Mwanzo mtamu nao usikupumbaze. Akil Baddoo wa Detroit, naye aliyechukuliwa kwa drafti hii, alipiga homurani kwenye mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa ligi kuu, Aprili 2021, lakini misimu iliyofuata wapigaji wenzake walimpita.

Kuna pia awamu ya ligi ndogo, siku ileile, kwa dola 24,000 na bila sharti la kurudishwa. Humo huangukia wale ambao timu zao hazikuwaweka hata kwenye orodha ya Triple-A yenye nafasi 38. Huko kijana hubadilisha mwajiri akaendelea kujifunza taratibu. Anayewafuatilia vijana wa Uganda basi ahesabu misimu mitano au minne tangu kusaini, kulingana na umri aliosaini nao kijana, kisha Novemba ya mwaka huo aangalie orodha zote mbili, ya 40 na ya 38.

Mpenzi wa besiboli,
Kampala