Gereji zisikwepe waranti zilizoandika zenyewe

Mhariri,

Giaboksi ya gari langu, lililotumika Japani kabla ya kuletwa hapa Mombasa, ilianza tena kuteleza wiki tano tu baada ya kukarabatiwa kwa Sh85,000, kazi ambayo risiti yake inasema wazi kuwa ina waranti ya miezi mitatu. Mwenye gereji alikataa kuigusa bila malipo mapya, akidai kwamba nilitia mafuta ya giaboksi yasiyofaa, ilhali mafuta hayo yaliwekwa na fundi wake mwenyewe na yameorodheshwa kwenye risiti ile ile, ambayo kwa bahati sikuitupa.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa na kufidiwa hasara inayotokana na kasoro zake. Nimempelekea mwenye gereji barua ya madai pamoja na maoni ya fundi wa pili, na asiponijibu katika siku 14 nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni na haimlazimu mlalamikaji kuwa na wakili. Naomba wenye gereji waandike mambo yanayofuta waranti kabla ya kupokea fedha zetu.

Mteja wa gereji,
Mombasa